Kilomita kwa saa, noti, mita kwa sekunde: jinsi ya kubadili spidi kichwani hata simu ikiisha chaji

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likishaanza kukaza huku kwetu utaanza kusikia tahadhari za hali ya hewa, upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2, mikoa ya Lindi na Mtwara imo. Redio inasoma, ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya wasap, alafu mtu anafungua programu ya upepo kwenye simu yake anakuta imeandikwa 22, anasema mbona ni 22 tu, hawa wanatutisha bure. Mwenzake naye anafungua ya kwake anakuta 11. Ubishi unaanza pale pale ufukweni na kumbe wote wanaangalia upepo mmoja: 40 ni kilomita kwa saa, 22 ni noti (kipimo cha spidi cha mabaharia, nitakieleza huko mbele), 11 ni mita kwa sekunde.

Ndo maana naandika hii. Namba ya spidi ikija peke yake haijakwambia kitu, swali la kwanza liwe "20 ya nini?". Upepo wa noti 20 ni kilomita 37 kwa saa, sio 20, na ubaya ni kwamba nguvu ya upepo haipandi sawasawa na spidi, spidi ikiwa mara mbili ile nguvu inayosukuma tanga inakuwa mara nne. Kwa hiyo ukipiga hesabu, upepo wa noti 20 unasukuma tanga zaidi ya mara 3 ya upepo wa kilomita 20 kwa saa. Mtu kajiandaa kwa huu kakutana na ule, na chombo chenyewe ni ngalawa, hapo tunaongelea maisha ya watu sio hesabu ya darasani.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Spidi yoyote ile ni umbali umegawanywa kwa muda, basi. Kilomita kwa saa, mita kwa sekunde, maili kwa saa, noti, zote ni hivyo hivyo tu, kinachobadilika ni umbali umepimwa kwa kipimo gani na muda umepimwa kwa kipimo gani. Ukilielewa hilo huhitaji kukariri jedwali refu, unabadili umbali, unabadili muda, unagawanya, umemaliza.

Tuchukue kilomita kwa saa na mita kwa sekunde maana hawa ndo wanaosumbua zaidi, na kwenye mtihani wa fizikia hawakosekani. Kilomita moja ina mita 1,000. Saa moja ina dakika 60 na kila dakika ina sekunde 60, kwa hiyo saa moja ni sekunde 3,600. Kitu kinachoenda mita 1 kila sekunde, baada ya saa nzima kitakuwa kimeenda mita 3,600, na mita 3,600 ni kilomita 3.6. Umeona 3.6 imetoka wapi, haijashuka kutoka mbinguni, ni 3,600 kugawa kwa 1,000. Kwa hiyo:

kutoka mita kwa sekunde kwenda kilomita kwa saa, zidisha kwa 3.6

kutoka kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6

Mwalimu akitoa kilomita 72 kwa saa ubadili kuwa mita kwa sekunde, kwenye karatasi unaandika 72 mara 1,000 kugawa kwa 3,600, unapata 20. Andika hatua zote hizo, usiandike 20 peke yake, maana maksi za njia zipo. Alafu kuna siri ndogo ambayo wanafunzi wengi hawaambiwi, 1,000 kwa 3,600 ukiipunguza inakuwa 5 kwa 18, ndo maana walimu wanapenda namba zinazogawanyika kwa 18 ili jibu litoke zima: 18 inatoa 5, 36 inatoa 10, 54 inatoa 15, 72 inatoa 20, 90 inatoa 25, 108 inatoa 30. Ukizijua hizo sita hata swali lisipokuwa moja ya hizo unajua jibu lako linatakiwa kuangukia wapi. Wamekupa 80? Iko katikati ya 72 na 90, basi jibu lazima liwe katikati ya 20 na 25 (ni 22.2), ukipata 288 ujue umezidisha mahali pa kugawanya.

Na hapo ndo wengi wanapokwama kweli, nizidishe au nigawanye? Usikariri, fikiria sekunde yenyewe. Sekunde ni kitu kifupi sana kuliko saa, kwa hiyo umbali wa kwenda ndani ya sekunde lazima uwe mdogo. Namba ya mita kwa sekunde siku zote ni ndogo kuliko namba ya kilomita kwa saa ya spidi ile ile. Ukitaka kipimo cha kujipima nacho, mtu mzima anayetembea kwa miguu kawaida yuko kwenye kilomita 5 kwa saa, ambayo ni mita 1.4 kwa sekunde. Jibu lako likikwambia mtu anayetembea anaenda mita 18 kwa sekunde, futa.

Kichwani sasa, bila kalkuleta. Kuzidisha kwa 3.6 ni sawa kabisa na kuzidisha kwa 4 alafu ukatoa sehemu moja ya kumi. Upepo wa mita 11 kwa sekunde: 11 mara 4 ni 44, sehemu moja ya kumi ya 44 ni 4.4, toa, unabaki na 39.6. Hiyo ndo ile 40 ya redioni. Kurudi nyuma, gawanya kwa 4 alafu ongeza sehemu moja ya kumi: 40 gawa kwa 4 ni 10, ongeza 1, unapata 11 (jibu kamili ni 11.1). Hii ya kurudi nyuma ni ya kukadiria lakini inakosea kidogo mno, moja kwa mia tu.

Haya, noti. Hapa nitakaa kidogo maana kwa mtu wa pwani hii ndo yenye faida.

Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili ya baharini ni mita 1,852, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1929. Sio ile maili ya nchi kavu, hiyo ni mita 1,609 na ushee, watu wanazichanganya sana. Kwa hiyo noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa. Kwa nini mabaharia na marubani wamengang'ania hii badala ya kutumia kilomita kama sisi wengine? Sababu ni ramani. Dunia imegawanywa kwa nyuzi kutoka ikweta kwenda ncha, kila nyuzi ina dakika 60 (hizi ni dakika za ramani, sio za saa), na dakika moja ya kwenda kusini au kaskazini ni takriban maili moja ya baharini. Angalia GPS ya boti ukiwa Mtwara mjini, itakuonyesha karibu nyuzi 10 na dakika 16 kusini. Kilwa Masoko iko karibu nyuzi 8 na dakika 56 kusini. Tofauti yake ni dakika 80, kwa hiyo bila rula bila nini unajua ukitoka Mtwara kwenda Kilwa unapanda kaskazini maili 80 za baharini, ambazo ni kilomita 148, hapo bado hujahesabu kule kuvuta magharibi maana pwani yenyewe haijanyooka. Chombo kinachopanda noti 8 moja kwa moja kaskazini kinamaliza dakika 8 za ramani kila saa. Ndo maana noti haifi.

Kubadili kichwani ni rahisi kweli. Noti kwenda kilomita kwa saa, zidisha mara mbili toa sehemu moja ya kumi. Noti 20: mara mbili 40, toa 4, unapata 36 (kamili ni 37). Kilomita kwa saa kwenda noti, gawa kwa mbili ongeza sehemu moja ya kumi ya ulichopata. Kilomita 40: nusu yake 20, ongeza 2, unapata noti 22 (kamili ni 21.6). Na mita kwa sekunde kwenda noti ni rahisi zaidi ya zote, zidisha mara mbili tu, mita 11 kwa sekunde ni noti 22, imekosea kwa chini ya tatu kwa mia. Kurudi, gawa kwa mbili.

Angalizo moja, ile njia ya noti kwenda kilomita siku zote inatoa jibu dogo kidogo kuliko la kweli. Kwa mbio au kwa gari haina shida ila kwa upepo mimi nashauri jibu lizungushwe kwenda juu, ukipata 36 sema 37 au 38, usiseme 35. Baharini bora ukosee kwa kujihadhari.

Mfano mkubwa wa haya yote tuliuona Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuja. Kiliingia nchi kavu tarehe 25 upande wa Msumbiji, Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na huku Mtwara tulikuwa kwenye tahadhari. Ukiangalia taarifa za siku zile wengine waliandika maili 140 kwa saa, wengine kilomita 220 kwa saa, wengine noti 120, na mtu asiyejua anadhani ni vimbunga vitatu au anadhani kuna mtu anadanganya. Piga hesabu uone. Noti 120 mara 1.852 ni kilomita 222 kwa saa, imezungushwa ikawa 220. Kilomita 222 ukigawa kwa 1.609 unapata maili 138 kwa saa, imezungushwa ikawa 140. Upepo ni ule ule. Kuna jambo lingine la kuangalia hapo, Wamarekani wanachukua wastani wa upepo wa dakika 1, wakati kituo cha Wafaransa kilichopo kisiwa cha Réunion, ambacho ndo kinafuatilia vimbunga vya ukanda wetu, kinachukua wastani wa dakika 10, na wastani wa dakika 10 huwa unatoka mdogo. Kwa hiyo ukibadili vipimo vizuri kabisa na bado namba mbili hazilingani usijilaumu, inawezekana hawakupima kitu kimoja.

Mipaka ya kuijua kwenye bahari yetu: dhoruba inapewa jina upepo wake ukifika noti 34, sawa na kilomita 63 kwa saa, na inaitwa kimbunga kamili ikifika noti 64, karibu kilomita 119 kwa saa. Ukizijua hizo mbili kwa vipimo vyote viwili huwezi kubabaishwa na ujumbe wa kusambazwa.

Programu nyingi za upepo ukibonyeza pale palipoandikwa kt (noti) au m/s (mita kwa sekunde) zinakubadilishia kipimo, chagua kimoja ukizoee, kama unasikiliza redio ya kwetu basi weka kilomita kwa saa ili ulinganishe moja kwa moja. Ila ukishatoka nje mtandao unakata, chaji inaisha, hapo kichwa ndo kinabaki.

Na je kama chombo chako hakina GPS, spidi utaijuaje? Kuna njia ya zamani ya mabaharia na inafanya kazi mpaka leo. Kwanza upime urefu wa chombo mkiwa bado nchi kavu, kutoka omo (mbele ya chombo) mpaka tezi (nyuma), kwa futi kamba ile ya fundi seremala. Tuseme umepata mita 9. Mkiwa mnakwenda, mmoja anakaa omo na kipande cha kumbi la nazi, anakitupa majini mbele kidogo ya omo, pembeni, sio katikati kikagongwa na chombo. Kumbi likifika usawa wa omo anaita, mwenye saa anaanza kuhesabu, likifika usawa wa tezi anasimamisha. Zimepita sekunde 3? Mita 9 gawa kwa sekunde 3 ni mita 3 kwa sekunde. Mara mbili, noti 6. Zimepita sekunde 6? Mita 1.5 kwa sekunde, noti 3. Rudia mara kadhaa uchukue wastani maana kuchelewa nusu sekunde tu kwenye sekunde 3 kunaharibu jibu sana, na chombo kikiwa kirefu ndo jibu linakuwa zuri zaidi. Tumia kumbi lililolowa, kavu kabisa linaelea juu na upepo unalisukuma.

Hiyo ni spidi ya chombo ndani ya maji, shika hapo. GPS yenyewe inatoa spidi juu ya ardhi, na tofauti ya hizo mbili ni mkondo. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini na wakati wa kusi ndo unakaza. Tuseme unarudi kutoka Lindi kuja Mtwara, kumbi linakwambia noti 6 lakini GPS inasema noti 4, maana yake mkondo wa noti 2 unakurudisha. Safari ya maili 30 za baharini uliyodhani ni masaa 5 (30 gawa kwa 6) inakuwa masaa 7 na nusu (30 gawa kwa 4), na hayo masaa mawili na nusu ya ziada injini inakunywa petroli vile vile. Hesabu ya mafuta ifanyike kwa noti 4, sio kwa noti 6.

Na hapa kuna kosa nataka ulikwepe. Kujumlisha na kutoa spidi kunafanyika zikiwa kwenye kipimo kimoja tu. Noti 6 ni kilomita 11 kwa saa, sasa mtu anachukua 11 anatoa mkondo wa noti 2 anasema 9. Hapana. Badili kwanza, noti 2 ni kilomita 3.7, 11.1 toa 3.7 unabaki na 7.4, ambayo ukiirudisha ni zile zile noti 4. Badili kwanza, toa baadae.

Tuje barabarani. Huku spidi zote ni kilomita kwa saa, kibao cha 50 kwenye makazi ya watu ni kilomita 50, na basi mwisho wake ni 80. Gari zetu nyingi zimetoka Japani na dashibodi zake ni kilomita kwa hiyo hakuna shida, shida inakuja kwa gari zilizotoka Uingereza, kule wanatumia maili kwa saa, na gari zingine zina mizunguko miwili ya namba, mikubwa maili, midogo kilomita. Dereva mgeni na gari anaona kibao cha 50 anaweka mshale kwenye 50 ya maili, kumbe yuko kwenye kilomita 80 kwa saa katikati ya kijiji chenye shule. Tochi ya trafiki ikimkamata anaapa kabisa alikuwa 50, na hadanganyi anachokiona, anasoma namba sahihi ya kipimo kingine.

Maili kwa saa kwenda kilomita kwa saa: chukua namba, ongeza nusu yake, ongeza sehemu yake moja ya kumi. 50 na 25 na 5, jumla 80. 30 na 15 na 3, jumla 48. 60 na 30 na 6, jumla 96. Ukiwa na gari ya hivi kata karatasi ndogo ubandike kwenye dashibodi: 30 ni karibu 50, 50 ni 80, 60 ni karibu 100. Inatosha. Kurudi nyuma gawa kwa 8 zidisha kwa 5, kilomita 80 inakuwa maili 50.

Ila matumizi ya mita kwa sekunde barabarani ndo yananigusa zaidi, maana kilomita kwa saa haikuonyeshi hatari. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Ukiinama kuangalia simu sekunde 3 umepita mita 67 bila macho. Kwa kilomita 50 kwa saa ni mita 14 kwa sekunde, sekunde zile zile 3 ni mita 42. Mtoto akiruka barabarani dereva anahitaji kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki, na ndani ya hiyo sekunde moja gari ya 80 imeshakula mita 22 ikiwa na spidi yake yote. Vijana wa boda na nyie pigeni hii hesabu, gawa spidi kwa 4 ongeza sehemu ya kumi, ujue kila sekunde unapita mita ngapi.

Abiria naye anaweza kupima basi mwenyewe. Pembeni ya barabara kuu kuna vibao vya kilomita, ukikaa dirishani washa saa ya kusimamisha kwenye simu ukipita kimoja, zima ukipita kinachofuata. Gawa 3,600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa. Sekunde 60 ni 60. Sekunde 72 ni 50. Sekunde 36 ni 100, hapo una haki ya kumwambia konda amwambie dereva apunguze. Njia hii pia inakagua dashibodi ya gari yako kama inasema kweli, hasa ukiwa umebadilisha saizi ya matairi.

Kwenye muda kuna mtego ambao unaharibu majibu mengi kuliko hata 3.6. Masaa 3 na dakika 20 sio 3.20. Dakika 20 ni theluthi ya saa, kwa hiyo ni 3.33. Mtwara mpaka Masasi ni kama kilomita 200, ukitumia masaa 3 na dakika 20 spidi yako ya wastani ni 200 gawa kwa 3.33, kilomita 60 kwa saa. Ukiandika 3.20 kwenye kalkuleta utapata 62.5. Gawa dakika kwa 60 kwanza, siku zote.

Na wastani wa kwenda na kurudi haupatikani kwa kujumlisha spidi mbili ukagawa kwa mbili. Umeenda Masasi kwa 80 ukarudi kwa 50, watu watasema wastani 65. Kwenda ni masaa 2.5, kurudi ni masaa 4, jumla kilomita 400 kwa masaa 6.5, wastani ni 61.5. Sababu ni kwamba umekaa muda mrefu zaidi kwenye ile spidi ndogo. Jumla ya umbali gawa kwa jumla ya muda, hakuna njia ya mkato hapo.

Mwisho wakimbiaji, maana nao wana kipimo chao kilichogeuzwa, wanasema dakika ngapi kwa kilomita badala ya kilomita ngapi kwa saa, na hapo namba ndogo ndo spidi kubwa. Kubadili ni 60 gawa kwa namba uliyonayo, pande zote mbili njia ni ile ile. Dakika 6 kwa kilomita ni kilomita 10 kwa saa, na kilomita 12 kwa saa ni dakika 5 kwa kilomita. Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025 alitumia masaa 2, dakika 9 na sekunde 48. Geuza yote kuwa sekunde, 7,788. Umbali ni mita 42,195. Gawa, unapata mita 5.42 kwa sekunde, mara 3.6 ni kilomita 19.5 kwa saa, karibu dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita, kwa masaa mawili na ushee mfululizo. Filbert Bayi mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ambayo ni sekunde 212.2, mita 7.07 kwa sekunde, kilomita 25.4 kwa saa. Kwenye kilomita 50 kwa saa za mjini, gari inaenda mara mbili tu ya Bayi.

Kwa kijana anayeanza mazoezi akitaka kumaliza kilomita 10 kwa dakika 50, anatakiwa kushika dakika 5 kwa kila kilomita, kilomita 12 kwa saa, mita 3.33 kwa sekunde. Kwenye uwanja wa mita 400 hiyo ni mzunguko mmoja kwa sekunde 120, mizunguko 25, na kila mzunguko saa ikionyesha zaidi ya dakika 2 ujue umeanza kubaki nyuma.